Sura ya Nne: Msimbo Usiohitaji Bando

Anayepita leo madukani Chake Chake au Wete huiona michoro ya vijimraba vyeusi na vyeupe kila mahali: imebandikwa mezani kwa muuzaji kwa ajili ya malipo ya simu, imechapwa chini ya risiti, imo kwenye boksi la dawa. Ndiyo misimbo ya QR. Ikitajwa kuhusu darasa, wengi huifikiria kwa sura moja tu: mwanafunzi anaelekeza kamera ya simu kwenye mchoro ulio kitabuni, simu inafungua ukurasa wa mtandaoni, na ukurasa unamwonyesha video au zoezi. Sura hii inatetea matumizi mengine. Kwa maskuli ya Pemba, msimbo unaofaa zaidi ni ule uliobeba maneno ya somo ndani yake wenyewe, unaosomeka kwa simu moja ya mwalimu bila ya intaneti, na unaomfungia mtoto jibu mpaka awe amelifikiria. Msimbo unaompeleka mtoto kwenye tovuti unayo kazi yake, na nitaifikia, lakini kuanza na huo ni kukishika chombo hiki upande wake dhaifu.

Msimbo wa QR ulizaliwa kiwandani. Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso ya Japani, iliyo katika kundi la Toyota, walitafuta namna ya kufuatilia vipuri vya magari kwa haraka. Msimbo wa milia, ule tunaouona kwenye pakiti za sabuni na biskuti, ulibeba tarakimu ishirini hivi tu, kwa hiyo boksi moja la vipuri lilibandikwa misimbo kadhaa. Hara akazitandaza taarifa pande mbili, kwa mlalo na kwa wima, akaweka miraba mitatu mikubwa kwenye pembe ili mashine iutambue mchoro hata ukiwa umepinduliwa. Kampuni ilisajili hataza lakini haikumtoza aliyefuata kanuni zake, na mwaka 2000 msimbo huo ukawa kiwango cha kimataifa. Jambo linalosahaulika ni kwamba msimbo wenyewe hauna habari na intaneti. Ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa vijimraba, na anwani ya tovuti ni aina moja tu ya maandishi yanayoweza kuwekwa humo. Mchoro mdogo kabisa una vijimraba 21 kwa 21. Mkubwa kabisa una 177 kwa 177 na hubeba mpaka herufi 2,953. Kwa kazi ya darasani unatosha wa kati, wa 57 kwa 57, ambao hubeba herufi 271, yaani maneno kama arubaini ya Kiswahili. Lugha yetu ina nafuu hapa, kwani kila herufi ya Kilatini isiyo na alama za ziada huchukua nafasi moja, ilhali herufi ya Kiarabu, kwa mfumo unaotumika zaidi siku hizi, huchukua mbili. Zaidi ya hayo, msimbo hujirekebisha wenyewe. Zipo ngazi nne. Ya chini hustahimili kuharibika kwa takriban asilimia 7, na ya juu asilimia 30. Uimara huo unalipiwa kwa nafasi: mchoro uleule wa 57 ukiwekwa ngazi ya juu hubakiwa na herufi 119 tu. Kwa karatasi itakayopita mikononi mwa watoto wawili watatu kila siku na kupigwa na unyevu wa masika, mwalimu ana uamuzi wa kweli wa kufanya hapo, maneno mengi au maisha marefu.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa India. Ranjitsinh Disale, mwalimu wa skuli ya msingi ya serikali katika kijiji cha Paritewadi, wilaya ya Solapur, aliweka misimbo ya QR kwenye vitabu vya wanafunzi wake, nayo ikawapeleka kwenye mashairi yaliyosomwa kwa sauti, video, hadithi na mazoezi. Jimbo la Maharashtra likaiga, serikali kuu ikatangaza kuiingiza kwenye vitabu vya kitaifa, na mwaka 2020 Disale akapewa Tuzo ya Mwalimu wa Dunia, dola milioni moja, akagawa nusu yake kwa washindani tisa waliofika naye fainali. Wanaoisimulia habari hiyo huishia kwenye misimbo. Kabla ya misimbo kulikuwa na kazi nyingine: vitabu havikuwa katika lugha ya nyumbani kwa watoto wengi, Kikannada, na Disale alijifunza lugha hiyo akavitafsiri. Msimbo ulikuwa chombo cha kufikishia maelezo kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Kwa Zanzibar, hilo ndilo la kuchukuliwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza akajikuta anapambana na mambo mawili kwa mpigo, somo lenyewe na lugha yake. Kadi yenye swali la sayansi kwa Kiingereza na msimbo wenye ufafanuzi wa Kiswahili humpa mtoto huyo njia ya kurudi kwenye maana bila kuondolewa kwenye mtaala. Mwenye uoni hafifu anaweza kusomewa maandishi hayo na simu yenyewe, kwa sauti.

Kilichowezekana India kwa njia ya tovuti kinategemea mambo matatu yasimame pamoja: mtandao uwepo, bando liwepo, na tovuti iwe hai. Mawili ya kwanza kila mkaazi wa Kojani, Fundo au Kisiwa Panza anaweza kuyaeleza mwenyewe. La tatu halionekani kwa macho, na ndilo baya zaidi. Utafiti wa Pew uliotolewa Marekani mwaka 2024 ulionyesha kwamba kurasa 38 katika kila 100 zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikufikika tena baada ya miaka kumi. Kitabu cha skuli kinaweza kuishi miaka hiyo kumi, kikirithiwa na ndugu mpaka jalada lianguke, na kurasa zake zitabaki zinasomeka ilhali kila msimbo uliomo umekufa. Kufa kwa tovuti si mwisho wa madhara yake. Mwaka 2015 mnunuzi mmoja Ujerumani aliskani msimbo kwenye chupa ya tomato ya Heinz akaletewa tovuti ya ngono. Shindano la kampuni lilikuwa limemalizika, anwani ikaachwa muda wake ukapita, na mtu mwingine akaichukua. Kampuni iliomba radhi. Kwa chupa ya tomato, hiyo ni aibu ya wiki moja. Ingekuwa kwenye kitabu cha darasa la nne, mzazi yeyote Pemba angekuwa na haki ya kukirudisha kitabu hicho mlangoni kwa mwalimu mkuu, na hakuna hoja ya teknolojia ambayo ingemtuliza. Msimbo uliobeba maandishi hauna hatari hiyo, kwa sababu haufungui chochote. Yaliyomo siku ulipochapwa ndiyo yatakayosomwa mpaka karatasi ioze.

Kwamba ujuzi uwekwe ndani ya chombo chenyewe badala ya kusubiriwa kutoka mbali si dhana mpya katika upande huu wa bahari. Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilifanya jaribio kubwa lililomalizika mwaka 2019. Watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa kompyuta bapa zilizopakiwa masomo ya Kiswahili, zikichajiwa kwa umeme wa jua kijijini, na wajifunze wenyewe. Mwanzoni zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana ushindi. Na kabla ya hapo, Unguja na Pemba zenyewe, kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze kiliwafundisha watoto wadogo kwa nyimbo, michezo na maswali, wakiwa wamekusanyika mbele ya redio moja pamoja na mlezi. Redio moja ilitosha kundi zima, na mtoto hakuhitaji kumiliki chochote. Mambo mawili yanaunganisha majaribio haya: lugha ilikuwa Kiswahili, na hakuna aliyemdai mtoto bando. Kompyuta bapa ni ghali na redio hufuata saa yake. Karatasi yenye msimbo ni rahisi kuliko ya kwanza na inamsubiri mtoto kuliko ya pili, ingawa yaliyomo ndani yake ni machache kuliko yote mawili.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, na msomaji makini bila shaka ameshalifikia. Ikiwa msimbo una maneno arubaini tu, kwa nini maneno hayo yasichapwe wazi kwenye karatasi, yakasomwa kwa macho bila ya simu? Kwa maelezo ya kawaida, pingamizi hilo ni sahihi na linapaswa kushinda. Kinachoweza kuandikwa ubaoni kiandikwe ubaoni. Mwalimu anayegeuza kila kitu kuwa msimbo anawawekea wanafunzi ukuta mahali palipokuwa na mlango. Msimbo una faida pale tu ambapo kuficha kwenyewe ni sehemu ya kufundisha. Watoto wa Pemba wanaijua namna hiyo ya kujifunza tangu nyumbani: kitendawili kinategwa, walio barazani wanahangaika, na jibu halitoki mpaka mtegaji apewe mji. Muda ule wa kuhangaika ndio unaofanya kazi. Kitabu chenye jibu chini ya swali, hata likigeuzwa juu chini, kinauua muda huo, kwa sababu jicho humtangulia msomaji. Msimbo unaurudisha.

Kuna ushahidi kwamba muda huo una thamani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandiko mafupi ya kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma andiko lilelile. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika yote linayoyakumbuka bila kuchungulia. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 61 ya yaliyoandikwa, na waliorudia kusoma walikuwa na asilimia 40. Utafiti huo haukuhusu misimbo wala watoto wa msingi, na sitaki kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Unachoonyesha ni kwamba kulitafuta jibu kichwani hujenga kumbukumbu kuliko kuliona tena. Kwa hiyo UNESCO inapoonya, kama ilivyofanya katika ripoti yake ya mwaka 2023, kwamba ushahidi wa faida ya teknolojia madarasani ni mchache kuliko ahadi zake, onyo hilo nalikubali, na halivunji hoja ya sura hii. Sidai kwamba vijimraba vinafundisha. Nadai kwamba kumchelewesha mtoto kidogo kabla ya jibu kunafundisha, na kwamba huu ni utaratibu mmoja wa kumchelewesha kwa gharama ndogo.

Tuchukue kadi moja ya somo la historia. Juu yake, kwa herufi kubwa, pameandikwa: Kwa nini Pemba ikawa na mikarafuu mingi kuliko Unguja? Chini yake pana mistari minne mitupu ambayo kundi lazima liijaze kwanza, kisha msimbo. Ndani ya msimbo mna maneno haya: “Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba haikuumia kiasi hicho. Kama ulitaja udongo na mvua, nazo ni sababu. Sasa fikiri: mkarafuu huchukua miaka mingapi mpaka uzae, na aliyepoteza shamba aliishije?” Hayafiki herufi 240, kwa hiyo yanaingia kwenye mchoro wa 57 kwa 57 na nafasi inabaki. Angalia kinachotendeka: jibu linakuja na swali jingine, ambalo mtoto wa Pemba anaweza kumuuliza babu yake jioni. Kadi za namna hiyo zinaweza kufungwa kwenye miti ya uwanja wa skuli, zikachukuliwa kwenye ziara ya Kidike wanakolala popo wa Pemba, au kwenye msitu wa Ngezi ambako mwalimu mmoja hawezi kusimama kwenye kila mti. Kwa kuskaniwa kutoka mkononi, umbali wa sentimita 30 hadi 40, mchoro wa sentimita 4 unatosha. Kanuni ya kazi ni kwamba upana wa mchoro uwe moja ya kumi ya umbali wa kamera.

Pingamizi la simu linahitaji jibu la wazi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu skuli, na sioni sababu ya kuilegeza kanuni hiyo kwa ajili ya misimbo. Simu iwe moja, ya mwalimu au ya skuli, nayo ikae mezani. Kundi lililojaza mistari yake linatuma mjumbe na kadi, anaskani mbele ya mwalimu, anarudi na jibu kinywani na analieleza kwa maneno yake. Msongamano wa makundi mezani unapungua kama kila kundi lina kadi tofauti. Ipo pia njia inayogeuza mambo kabisa, inayompa mtoto msimbo mkononi na kumwachia mwalimu kamera. Programu iitwayo Plickers, iliyobuniwa na mwalimu wa hisabati wa California, hutumia kadi za karatasi ambazo kila moja ina mchoro wake. Pande nne za mchoro ni majibu manne. Mwalimu anauliza, kila mtoto anainua kadi akiwa ameelekeza juu upande wa jibu analolichagua, simu ya mwalimu inapitishwa mbele ya darasa mara moja, na majibu ya wote yanasomwa. Kwa kuwa michoro inatofautiana, kuchungulia kwa jirani hakusaidii. Seti kubwa ina kadi 63. Programu hiyo inahitaji mtandao, lakini kwa simu moja tu. Katika darasa lenye watoto wengi, ambalo mwalimu aghalabu husikia sauti za walewale watano wa mbele, kujua kwa dakika moja kwamba nusu ya darasa haijaelewa sehemu ni faida ambayo siidharau. Skuli isiyo na mtandao kabisa inaweza kuanza na vikadi vya rangi nne vilivyokatwa kwa mkasi; haitakuwa na rekodi, lakini kila mtoto atakuwa amejibu.

Nani atazitengeneza kadi? Hili ndilo pingamizi linaloniumiza kichwa kuliko la simu, kwa sababu mwalimu wa msingi tayari anaandaa masomo, anasahihisha madaftari, na katika skuli nyingi anafanya kazi palipo na mikondo miwili, asubuhi na mchana. Kumwongezea kazi ya uchapaji ni kumwomba auze usingizi wake. Kazi hii si ya mwalimu mmoja mmoja. Taasisi ya Elimu Zanzibar ndiyo yenye wataalamu wa mitaala, na Pemba ina vituo vya walimu, Michakaini kwa Chake Chake, Mitiulaya kwa Wete na Mizingani kwa Mkoani, ambavyo walimu wanavizoea kwa mafunzo. Kadi ikitungwa vizuri mara moja inafaa kwa kisiwa kizima, na fotokopi yake inasafiri kwa dau kama karatasi nyingine yoyote. Kuhusu zana, pana mtego mmoja wa kuuepuka. Tovuti nyingi za kutengeneza misimbo bure hutoa msimbo unaopitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni hiyo, na muda wa majaribio ukiisha msimbo hauitikii mpaka ulipiwe. Mwalimu anapaswa kuchagua msimbo wa maandishi usiobadilika. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, tangu toleo la 6.4 la mwaka 2020 inatengeneza misimbo hiyo ndani ya waraka bila ya intaneti. Na kabla ya kuchapa nakala, simu izimwe data na kadi iskaniwe. Ikisomeka hivyo, itasomeka Makangale na itasomeka Makoongwe.

Wapo watakaosema kwamba kumzoesha mtoto kuskani ni kumfundisha kuamini kila stika anayoikuta. Hofu hiyo ina msingi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 polisi wa miji ya Texas walikuta stika za misimbo ya uongo zimebandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho, zikiwapeleka madereva kwenye tovuti ya wezi. Lakini mtoto wa Pemba ataikuta misimbo mtaani, skuli imfundishe au isimfundishe. Imeshafika dukani kwa jirani yake. Anayejua kwamba ndani ya mchoro mna maandishi, na kwamba maandishi hayo yanaweza kuwa jibu la somo au anwani ya mtu asiyemjua, atasoma kabla ya kubonyeza. Somo hilo linafundishika kwa kadi mbili tu, moja yenye maneno na moja yenye anwani, zikiwekwa pamoja na mtoto akaulizwa zinatofautiana nini.

Inabaki kazi ambayo maneno arubaini hayaiwezi. Moyo unavyosukuma damu, sauti ya matamshi, ramani inayosogea: hivyo vinataka picha na sauti, na hapo ndipo msimbo wa anwani unapostahili nafasi yake. Hata hivyo, anwani yenyewe si lazima iwe ya mbali. Kolibri, mfumo wa bure uliotengenezwa kwa ajili ya skuli zisizo na intaneti, huhifadhi video na mazoezi kwenye kompyuta moja ndogo iliyopo skuli, na vifaa vilivyo karibu vinaunganishwa nayo kwa mawimbi ya ndani bila ya bando. Msimbo uliobandikwa ukutani unaweza kuielekeza simu kwenye kompyuta hiyo moja kwa moja. Umeme wa kuiendesha unafika Pemba tangu 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kompyuta ya aina hiyo inatumia umeme mdogo kiasi cha kuweza kuendeshwa kwa betri na paneli ya jua pale waya unapozimika. Gharama yake ni kubwa kuliko ya karatasi, kwa hiyo ningeiweka hatua ya pili: skuli ianze na kadi thelathini za darasa la tano, izitumie muhula mzima, iandike zipi zilizowafanya watoto wabishane na zipi zilizoskaniwa zikasahaulika, na orodha hiyo ipelekwe kituo cha walimu kabla ya senti moja kutumika kwa kompyuta.